Usipige Windows bado: antivairasi mbili kwenye kompyuta moja

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu, nipo Rau, Moshi. Nina kompyuta ya mpakato ya HP, ya mtumba, Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 4, diski GB 500, Windows 10. Ilikuja na antivairasi aliyoweka fundi. Mwezi uliopita nikaongeza nyingine ya bure, maana flashi yangu kila ikitoka steshenari inarudi na virusi vya shotikati. Tangu hapo mashine inachukua karibu dakika kumi kuwaka, Word inaganda, na mara mbili nimepata skrini ya bluu nilipochomeka flashi. Nikiiacha ijikague usiku, asubuhi naikuta imezima. Fundi anasema dawa ni kupiga Windows upya. Nifanye hivyo?

Jibu: Pole kwa usumbufu, mwalimu. Usipige Windows bado. Ukipiga leo itakimbia wiki mbili, kisha utarudisha antivairasi zile zile na ugonjwa utarudi nazo. Tena unayoeleza si tatizo moja. Kuchelewa kuwaka na Word kuganda ni jambo moja, skrini ya bluu ni la pili, na kuzima usiku nadhani ni la tatu kabisa, ambalo antivairasi inasingiziwa tu.

Nianze na uzito. Antivairasi haikai pembeni ikisubiri virusi vitokee. Inakaa mlangoni: kila faili linapotaka kufunguliwa, draiva yake, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya Windows, hulisimamisha, hulisoma, ndipo hulipitisha. Ukiweka ya pili, faili linasimamishwa mara mbili. Kibaya zaidi, ya kwanza inapofungua faili ili ilikague, ya pili nayo inaona kuna faili limefunguliwa na inataka kulikagua. Ni walinzi wawili kwenye geti moja, kila mmoja anampekua mwenzake, na mgeni yuko nje juani.

Kwenye mashine yenye diski ya kasi usingehisi sana. Lakini diski nyingi za GB 500 za kompyuta za mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kila inapobidi kuhama kutoka faili moja kwenda jingine, kichwa cha kusomea husogea, kisha husubiri sehemu inayotakiwa izunguke hadi ikifikie. Hapo zinakwenda milisekunde kumi na ushee. Kwa hiyo diski ya aina hiyo husoma sehemu tofauti 60 hadi 100 hivi kwa sekunde, wakati SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, husoma maelfu. Windows inapowaka hufungua maelfu ya mafaili madogo madogo. Piga hesabu mwenyewe, kisha zidisha kwa walinzi wawili. Na RAM ya GB 4 ikishajaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye diski ile ile iliyoelemewa. Ndiyo maana Word inaganda hata kama waraka wako una kurasa mbili.

Pima kabla ya kugusa chochote. Washa mashine, iache dakika tano, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha More details chini kushoto. Bofya kichwa cha safu ya Disk ili wanaoila waje juu. Ukiona Disk 100% huku CPU ikiwa 15 au 20, kinachokwama ni diski, wala si prosesa. Soma majina matatu ya juu uyaandike. Antimalware Service Executable ni Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe. Kwa kawaida Defender hujiweka kando ikiona antivairasi ya kampuni nyingine. Hizo za kampuni nyingine ndizo zisizopishana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa uone kwa macho yako nani yuko getini. Bofya Start, andika cmd, bofya kulia Command Prompt, chagua Run as administrator, kisha andika:

fltmc

Utaletewa orodha ya draiva zote zinazokaa kati ya programu na mafaili. Angalia safu ya Altitude. Neno hilo, lenye maana ya mwinuko, hapa halina uhusiano na kilele cha Kibo. Ni nafasi ya draiva kwenye foleni, na yenye namba kubwa ndiyo inayoliona faili kwanza. Microsoft imetenga namba 320000 hadi 329998 kwa ajili ya antivairasi. WdFilter, yenye 328010, ni ya Defender. Majina yanayoanza na asw ni ya Avast, kl ni ya Kaspersky, mfe ni ya McAfee, na eamonm ni ya ESET. Ukikuta majina ya kampuni mbili kwenye orodha hiyo, umeshampata mgonjwa wako.

Ushauri wangu ni kuondoa zote mbili na kubaki na Defender. Kwa mashine ya nyumbani ya kuandikia mitihani na kufungua barua pepe, sioni sababu ya kulipia nyingine, na nyingi za bure hukuletea kisafisha diski, VPN na kivinjari ambavyo hukuviomba, vyote vikijiwasha pamoja na Windows.

Kuondoa ndiko watu wanakokosea. Ukifuta kwa njia ya kawaida, Settings, Apps, kisha Uninstall, mara nyingi draiva hubaki. Kwa hiyo kabla ya kuanza, pakua kifutio rasmi cha kila antivairasi kutoka tovuti ya kampuni yake: Avast Clear kwa Avast, MCPR kwa McAfee, kavremover kwa Kaspersky, ESET Uninstaller kwa ESET. Usikichukue kwenye tovuti ya kupakulia programu za kila aina, huko utaondoa moja na kuingiza tatu. Ondoa ya kwanza kwa njia ya kawaida, washa upya, endesha kifutio chake, washa upya tena. Ndipo uende ya pili. Usizifanye kwa mpigo mmoja.

Ninaposema washa upya, namaanisha Restart. Shut down kwenye Windows 10 mara nyingi haifungi mfumo mzima, kwa sababu ya kitu kinachoitwa Fast Startup: kiini cha Windows huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kama kilivyokuwa, na draiva zake zote. Mtu anazima, anawasha, anaona antivairasi bado ipo, anadhani imegoma. Restart pekee ndiyo inayoanza upya kabisa.

Baadhi ya vifutio vinataka Safe Mode. Shikilia Shift huku ukibofya Restart. Ikija skrini yenye chaguo, nenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Hapo Windows inawaka na vitu vya lazima tu, na ile draiva haina nguvu ya kujilinda isifutwe.

Ukimaliza, rudia fltmc. Upande wa antivairasi abaki WdFilter peke yake. Ikitokea Wi-Fi imeunganika lakini hakuna ukurasa unaofunguka, usitishike: antivairasi nyingi hujichomeka pia kwenye njia ya mtandao na huacha mabaki huko. Kwenye dirisha lile lile la cmd andika mistari hii miwili, kisha Restart:

netsh winsock reset
netsh int ip reset

Defender inatakiwa ijirudie kazini yenyewe. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, ubofye Check for updates. Kama unatumia hotspoti ya simu, andaa bando kwanza, maana ikiwa haijasasishwa muda mrefu itavuta kifurushi kizima cha taarifa za virusi kwa mara moja. Lakini ukiona maandishi kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi yako, na mashine ni ya kwako binafsi, simama hapo. Maana yake kuna mtu au kitu kilichoizima Defender kwa makusudi. Mara nyingi ni kraki ya kuamshia Windows au Office, ambayo hutaka antivairasi izimwe ndipo ifanye kazi. Mashine ya namna hiyo siwezi kukwambia ni safi, hata kama inakimbia. Hapo fundi wako yuko sahihi: hamisha nyaraka zako, piga Windows, na safari hii isiwe na kraki.

Defender nayo hula diski na prosesa inapokagua. Ifungie kamba kidogo. Fungua PowerShell kwa Run as administrator, andika:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Hiyo ni asilimia ya prosesa ambayo ukaguzi unaruhusiwa kutumia, na kiasi chake cha kawaida ni 50. Hiyo 20 ni wastani inaoulenga, kwa hiyo usishangae ikivuka kwa sekunde chache. Ukaguzi wa haraka, Quick scan, mara moja kwa wiki unakutosha. Na usifuate ushauri wa kuitoa folda ya Downloads kwenye ukaguzi ili mashine iwe nyepesi. Huko ndiko uchafu unakoingilia.

Skrini ya bluu. Draiva ya antivairasi hukaa ndani kabisa ya Windows, kwenye kiini, na huko hakuna kosa dogo. Programu ya kawaida ikikosea hujifunga yenyewe, draiva ikikosea Windows husimamisha kila kitu ili isiharibu mafaili. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja bovu la masasisho ya CrowdStrike, programu ya usalama ya maofisini, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani kwa makadirio ya Microsoft. Na tarehe 21 Aprili 2010 masasisho ya McAfee yaliitaja svchost.exe, faili la Windows XP lenyewe, kuwa ni virusi, na mashine zikawa zinajiwasha na kujizima. Yaani hata ikiwa moja, tena ya kulipia, inaweza kukuangusha. Zikiwa mbili unaongeza nafasi. Kwako huenda inatokea ukichomeka flashi kwa sababu ndio wakati zote mbili zinaikimbilia diski mpya kwa pamoja.

Lakini tusihukumu bila ushahidi. Kila skrini ya bluu kwa kawaida huacha faili dogo kwenye C:\Windows\Minidump. Pakua BlueScreenView ya NirSoft, ni ndogo na ya bure, uifungue, uangalie safu ya Caused By Driver. Ukikuta jina la asw, kl, mfe au mengine ya antivairasi, kesi imekwisha. Ukikuta ntoskrnl.exe peke yake, hilo ni jina la kiini chenyewe na halikuambii kitu, kwa hiyo tazama jina la kosa. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR hunielekeza kwenye diski au waya wake. MEMORY_MANAGEMENT ikijirudia, jaribu RAM kwa kuandika mdsched.exe kwenye Start. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni malalamiko ya vifaa vyenyewe, na hakuna antivairasi utakayoiondoa ikapona.

Kwa hiyo ikague diski, hasa kama betri imekufa na mashine inategemea chaja. Kila umeme unapokatika inazima ghafla katikati ya kuandika, na diski ya kuzunguka haipendi hilo hata kidogo. Programu iitwayo CrystalDiskInfo itakuonyesha hali yake. Mistari ya kusoma ni 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa, kwenye safu ya Raw Values. Sufuri zote ni heri. C5 ikiwa juu ya sufuri, nakili nyaraka zako siku hiyo hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Usianze na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kukarabati diski, kwenye diski ya namna hiyo, maana inaipitisha diski nzima mgonjwa akiwa hoi.

Sasa kuzima usiku. Kwanza ondoa jibu rahisi: ukiiwasha asubuhi ukakuta madirisha yako yako kama ulivyoyaacha, haikuzimika, ililala tu. Ikiwa imeanza upya, fungua Event Viewer, Windows Logs, System, utafute Kernel-Power yenye namba 41. Hiyo inasema mashine ilikata bila kufungwa vizuri, haisemi kwa nini. Kama TANESCO hawakukata usiku huo au betri yako bado ni nzima, mshukiwa wangu ni joto. Ukaguzi mzima wa diski huifanyisha prosesa kazi kwa saa kadhaa mfululizo, kitu ambacho Word haifanyi kamwe. Feni ikiwa imeziba, joto hupanda hadi mashine inajikata ili isiungue. Haitoi skrini ya bluu, inakata tu kama mshumaa uliopulizwa. Anzisha Full scan mchana, iweke kwenye meza ngumu, si kitandani, na uweke kiganja kwenye tundu la kutolea hewa baada ya dakika ishirini. Feni inavuma sana lakini hewa inayotoka ni kidogo? Ni vumbi.

Mashine za mtumba nyingi hazijawahi kufunguliwa tangu kiwandani, na vumbi la kiangazi la Moshi linamalizia. Fundi afungue mgongo, atoe betri kwanza, azuie feni isizunguke kwa kijiti cha kuchokolea meno huku akipuliza, kwa sababu bloa huizungusha kupita kasi yake na kuharibu beringi. Utando wa vumbi hujificha kati ya feni na mapezi ya shaba au alumini, hauonekani kwa juu, hivyo mwambie aitoe feni kabisa. Pesti ya joto ya zamani ikiwa imekauka kama chokaa, aifute kwa spiriti na kuweka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Baada ya hayo mashine itapumua, ila diski itabaki ya polepole. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256. Fedha ya pili ipeleke kwenye RAM ifike GB 8. Kwa kizazi cha nne omba DDR3L ya kompyuta ya mpakato, ile iliyoandikwa PC3L. DDR4 haiingii, na DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaweza kuingia na mashine isiwake. Kuweka SSD hakukulazimishi kupiga Windows, diski ya zamani inaweza kunakiliwa nzima kwenda mpya, lakini fanya hivyo baada ya kuondoa antivairasi, la sivyo utakuwa umehamisha ugonjwa kwenye nyumba nzuri zaidi.

Kuna jambo fundi wako hakulitaja. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Windows 11, inayoanzia kizazi cha nane kwa Intel. Ipo huduma ya nyongeza ya masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha ndani ya Settings, Windows Update, ukiwa na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft, na unaweza kuipata bila kulipa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Taarifa za virusi za Defender kwenye Windows 10 zimeahidiwa hadi Oktoba 2028, ila hizo hazizibi matundu ya Windows yenyewe.

Tumalizie na flashi, maana ndiyo iliyokufanya uongeze mlinzi wa pili. Virusi vya shotikati havifuti kazi zako. Vinazificha kwa kuzipa alama ya faili la mfumo, kisha vinaweka shotikati yenye jina la folda yako. Ukiibofya, kwanza inaendesha kirusi, halafu inakufungulia folda ili usishtuke. Ukirudi nyumbani usibofye chochote ndani yake. Zima AutoPlay kwenye Settings, Devices. Bofya kulia jina la flashi, chagua Scan with Microsoft Defender. Fanya hivyo kila mara, kwa sababu Full scan ya Defender kwa kawaida huruka flashi. Ikishafuta kirusi, fungua cmd uandike, kama flashi yako ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatajitokeza. Yahamishe unayoyataka, shotikati zilizobaki uzifute, kisha fomati flashi. Na tenga flashi moja ndogo ya steshenari tu, isiyokaa na kitu kingine. Ipeleke na PDF ya mtihani peke yake, ikirudi ifomati bila kuifungua. Wakikubali, tuma PDF kwa barua pepe au kwa WhatsApp ukichagua Document, na flashi ibaki nyumbani.